Tiketi ya Desemba Inakatwa Mlimani

Msikilizaji, kuanzia tarehe 18 hadi tarehe 24 Desemba, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hujaa watu wa Kilimanjaro. Utaona magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, ndoo mpya zenye zawadi ndani, watoto waliovalishwa masweta kwenye joto la Dar es Salaam kwa sababu wameambiwa Upareni kuna baridi. Katikati ya umati huo wapo wa Shighatini, huko milimani juu ya Mwanga, na swali lao kila mwaka ni lile lile: tiketi ikatwe lini? Mmoja anasema kata mapema, mwingine anasema subiri, magari ya ziada yatakuja tu. Nimeona tulijadili swali hili leo, tukiwa bado mwezi wa Septemba, wakati jibu lingali na manufaa. Na hoja yangu ni kwamba swali lenyewe tunawauliza watu wasio na jibu. Tunawauliza wasafiri walioko Dar, Morogoro na Tanga, ilhali jibu liko huku juu mlimani, kwa wazee wanaopanga siku ya kikao cha ukoo na kuchelewa kuitangaza.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana swali linalofanana na hili kuhusu meli za starehe, zile ndefu kama mtaa mzima ambazo mara moja moja hutia nanga Zanzibar na Mombasa. Bei ya chumba ndani ya meli hizo haitulii. Inapanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni. Kati ya Januari na Machi kampuni nyingi hutangaza ofa zao kubwa, na anayetoa amana mapema mara nyingi huongezewa salio la kutumia ndani ya meli: atanunulia vinywaji, atalipia matembezi ya bandarini au saluni, lakini kwa kawaida hawezi kurudi nalo nyumbani likiwa fedha taslimu. Fedha iliyobaki hudaiwa miezi michache kabla ya safari, na vyumba visivyopata mtu baada ya hapo huweza kushushwa bei, kwa sababu chumba kitupu hakimfai mwenye meli chochote mara nanga inapong'olewa. Kwa hiyo msafiri wa huko ana mambo mawili ya kupima. Akiwahi, anachagua chumba anachokitaka na kupata zawadi. Akichelewa, pengine anaokota kwa bei ya chini, mradi awe tayari kupokea chumba chochote na tarehe yoyote. Ushauri wa kila namna umeandikwa juu ya mizani hiyo, na vijana wetu wanausoma kwenye simu zao, kisha wanauleta kwenye basi la Moshi.

Kwenye basi la Moshi mizani hiyo haipo. Nauli za mabasi ya mikoani ya daraja la kawaida na la kati hapa Tanzania zina kikomo kinachowekwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, abiria wa basi la daraja la kawaida aliwekewa kikomo cha shilingi 48.47 kwa kila kilomita, na wa daraja la kati shilingi 67.84. Chukua kalamu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanga mjini, tukikadiria kilomita 500, daraja la kawaida linakuja shilingi 24,235 na daraja la kati shilingi 33,920. Hesabu hiyo haimuulizi mtu anasafiri mwezi gani. Kikomo cha tarehe 23 Desemba ni kile kile cha mwezi Mei, siku ambazo basi linaondoka nusu ya viti vikiwa vitupu na kondakta anakuita kwa jina la heshima. Maana yake ni kwamba anayekata mapema kwa kawaida hapati punguzo kwa kuwa amewahi, na anayesubiri hana bei ya kuokota dakika ya mwisho. Kusubiri kunaweza kumletea badiliko moja tu la bei, nalo ni kupanda: mpiga debe atamnong'oneza kwamba kiti kimoja kimebaki, lakini ni elfu 50 au 60, na bila risiti. Kwa familia ya watu watano, tofauti kati ya elfu 24 na elfu 50 ni shilingi 130,000. Wazee wetu walikwishalijua jambo hili la kudai hesabu iwe wazi. Mwaka 1945, Wapare walipokusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru, walikuwa wamezoea kulipa kodi. Walichokataa ni kukadiriwa kiasi kwa namna wasiyoielewa. Kikomo cha nauli kinatangazwa hadharani, na mjukuu wa watu hao hana sababu ya kuingia stendi bila kukijua.

Mtu atauliza, kama bei ina kikomo, kwa nini inapanda kila Desemba mbele ya macho yetu? Kinachoipandisha ni uhaba wa viti, na uhaba huo una upande mmoja. Wiki ya Krismasi basi linapanda Kilimanjaro limejaa na linarudi Dar karibu tupu. Mwenye basi analipia mafuta ya kwenda na kurudi, lakini abiria ni wa kwenda tu. Hii ndiyo hoja ya wenye mabasi, na ni hoja ya kweli, si kisingizio. Lakini haikamiliki mpaka tuifikishe Januari. Kuanzia tarehe 2, shule zinapokaribia kufunguliwa na likizo za kazini zikiisha, basi hilo hilo linashuka limejaa na kupanda tupu. Tena kikomo cha nauli kimepangwa kwa mwaka mzima, zikiwemo wiki hizi ambazo basi linajaa hadi kiti cha mwisho. Anayeuza kiti cha elfu 24 kwa elfu 50 hafidii hasara. Anaiuza shida ya mtu ambaye mama yake anamngoja Shighatini na hawezi kumwambia kwamba safari imeshindikana. Abiria wa namna hiyo hana ubavu wa kubishana. Ubavu huo alikuwa nao mwezi mmoja nyuma, aliposimama dirishani na viti 40 vikiwa wazi mbele yake.

Basi tuseme wazi kinachonunuliwa na anayewahi. Itazame tiketi yenyewe, kile kikaratasi au ule ujumbe wa simu. Kina jina lako, tarehe, saa ya kuondoka, namba ya kiti, namba ya gari na kiasi ulicholipa. Kila kimoja hapo ni haki ambayo mtu wa dakika ya mwisho hana. Namba ya kiti maana yake bibi mwenye miguu inayovimba hakai kwenye kiti cha nyuma kinachorusha toka Chalinze mpaka Same. Kiasi kilichoandikwa maana yake una ushahidi ukizidishiwa nauli. Namba ya gari maana yake unajua unapanda gari gani, na juu ya hilo nisingependa tuongee kwa mzaha. Tarehe 28 Juni 2025, hapo Sabasaba wilayani Same, basi na Coaster viligongana na kuwaka moto, na zaidi ya watu 35 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba tiketi ya mapema ni kinga ya ajali. Hakuna karatasi yenye uwezo huo. Nasema kwamba mtu aliyekaa stendi tangu alfajiri na watoto watatu, jua likizama hajapata kiti, hachagui tena gari. Analiingia lolote linaloelekea kwao, hata lenye tairi ambazo asingezikubali asubuhi. Aliyewahi amejiwekea nafasi ya kukataa.

Zile zawadi za wanaowahi sasa, maana nazo zimeanza kutufikia. Yapo mabasi yanayogawa maji, soda na biskuti mkishatoka mjini, na baadhi ya kampuni hujaribu kukuvuta kwa ofa ndogo ndogo ukinunua kwa simu au ukikata kwenda na kurudi. Zipokee, lakini zipime kwa kipimo kimoja: je, kitu hicho ungekinunua kwa fedha yako? Kama ungenunua maji na soda pale Korogwe, basi zawadi hiyo ina thamani ya maji na soda, haizidi hapo. Hata lile salio la melini ni hivyo hivyo. Mtu asiyekunywa akipewa salio la kununulia vinywaji, hajapewa kitu. Zawadi ya aina hii ina kazi moja kubwa, kukufanya uwahi kuamua na usibadili, na haina ubaya kama uamuzi ungeufanya vilevile bila yake. Ubaya unaanza pale biskuti inapokufanya usiulize swali kubwa zaidi: nikipata dharura, tarehe hii inaweza kusogezwa, na kwa masharti gani? Uliza hilo dirishani kabla ya kutoa fedha. Jibu lake lina thamani kuliko soda kumi.

Upo upinzani wenye uzito, na unatoka kwa watu wenye kipato kidogo. Wanasema: mnatuambia tulipe Oktoba au Novemba kwa safari ya Desemba, na Januari inatungoja na ada, sare na kodi ya nyumba, kwa nini fedha yetu ilale kwa mwenye basi? Swali ni halali. Fedha iliyolala ina gharama, hasa kwa mama lishe ambaye mtaji wake ni elfu 80 na unazunguka kila siku. Lakini tuilinganishe na ile nyingine. Elfu 24 ikilala wiki sita kwa mwenye basi inakunyima faida ya wiki sita. Elfu 26 ya ziada unayolipa kwa mpiga debe hairudi kabisa. Na hakuna anayelazimika kulipia watu watano siku moja: unaweza kuanza na kiti cha mzee na cha mtoto, ambao hawawezi kubanwa, na cha kijana kikafuata mshahara wa Novemba. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa wanajua kupanga mgawo wa ada miezi mitatu mbele. Sioni kwa nini nauli ya Desemba, inayojulikana kiasi chake tangu Januari, iwe inatushtukiza kila mwaka kama mgeni.

Upinzani mgumu zaidi ni wa likizo. Mlinzi, dada wa kazi za ndani, dereva, muuza duka la mtu: hawa hawajui kama wataruhusiwa mpaka siku mbili au tatu kabla ya sikukuu, na wengine huambiwa siku yenyewe. Kuwaambia wakate tiketi Oktoba ni kuwaambia wacheze kamari. Hapo sina ubishi. Ila ukichunguza utaona kwamba wengi wao hawaombi likizo mapema kwa sababu hawana tarehe ya kuombea. Kijana atamwendea bosi wake akamwambie nini? Kwamba anataka kwenda nyumbani siku fulani katikati ya mwisho wa mwaka? Anapiga simu Shighatini kuuliza kikao ni lini, na upande wa pili, makande yakichemka jikoni, anajibiwa kwa upendo mwingi kwamba ni tarehe 26 au 27, labda 28, njooni kwanza, tutaona mkishafika. Jibu hilo lina ukarimu ndani yake. Lina pia gharama, na gharama hiyo hailipwi na aliyelitoa. Mtoto anaposikia "tutaona mkishafika", anaelewa kwamba ni lazima awepo kabla ya tarehe 26, kwa hiyo anabanana tarehe 23 na 24 na maelfu ya wengine walioambiwa hivyo hivyo na wazee wao wa Ugweno, Usangi, Gonja, Mbaga, Rombo na Machame.

Ndiyo sababu nasema tiketi inakatwa mlimani. Ukoo ukitamka mwezi Septemba kwamba kikao ni tarehe 29 Desemba, saa nne asubuhi, nyumbani kwa fulani, mambo matatu yanabadilika papo hapo. Mwajiriwa anakwenda kwa bosi wake na tarehe mkononi, tena miezi mitatu mbele, na bosi anayekataa Desemba ana muda wa kushawishiwa. Asiyelazimika kula Krismasi nyumbani anaweza kusafiri tarehe 26 au 27, siku ambazo msongamano wa kupanda umepungua. Na wale Waislamu wa ukoo, ambao kwetu si wachache, na ambao huja Desemba kwa ajili ya ndugu na si kwa ajili ya Krismasi, hawalazimiki kugombea viti na wanaowahi ibada ya mkesha. Tarehe moja iliyotamkwa mapema inawagawa watu wa ukoo mmoja katika siku saba badala ya mbili. Hakuna agizo la serikali linaloweza kufanya hivyo, na kuitamka tarehe hiyo hakuhitaji hata shilingi.

Wazee watajibu, na nawasikiliza kwa heshima. Watasema kikao hakipangwi kama harusi: msiba unaweza kutokea, mkubwa wa ukoo anaweza kuugua, na shauri la shamba au mpaka haliwezi kusemwa asipokuwepo mhusika. Ni kweli. Lakini harusi nayo inaweza kuangukiwa na msiba, na bado kamati inatangaza tarehe miezi sita kabla na watu wanachanga. Kipaimara kina tarehe yake, usharika unaitangaza, na wazazi wanajipanga. Imebaki hii shughuli yetu moja, iliyo kubwa kuliko zote kwa maana ya kuushikilia ukoo pamoja, ndiyo tunaiacha bila tarehe. Na yule mhusika wa shauri la mpaka, asiyefika kwa sababu alikosa kiti Mbezi, ndiye anayelifanya shauri lisogezwe mwaka mwingine. Kama ni kuheshimu kikao, kukipa siku ni sehemu ya heshima hiyo.

Na wale wanaosema subiri, magari ya ziada yatakuja, wana chembe ya ukweli. LATRA imekuwa ikitoa vibali vya muda kwa magari ya ziada wakati wa sikukuu. Safari za usiku, zilizopigwa marufuku kwa karibu miaka 30, ziliruhusiwa tena mwaka 2023, na basi moja sasa linaweza kufanya kazi saa ambazo zamani lililala. Treni ya abiria nayo ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa miaka mingi, ikipita Same chini ya milima yetu. Yote hayo yameongeza viti. Lakini kiti cha kibali cha muda hakina tarehe unayoweza kuitegemea wala gari unalolijua, na mara nyingi hutolewa kwa sababu stendi imekwisha kulemewa. Kijana mmoja mwenye begi la mgongoni anaweza kusubiri hayo bila kudhurika. Akikosa leo atapata kesho. Mama mwenye watoto watatu hawezi, na babu anayerudi kutoka matibabu Muhimbili hawezi kabisa. Anayepima vizuri atamwambia kijana asubiri kama anataka, na kiti kile cha mapema akawalipie wale wawili.

Kimebaki kipande cha mwisho cha safari, ambacho stendi ya Mbezi haikijui. Basi linakushusha Mwanga mjini, na kutoka hapo ni kupanda mlima. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zinanyesha, barabara inateleza, magari ya kupanda Shighatini ni machache, na abiria wa usiku wa manane akiteremka hapo na mizigo hana wa kumpokea. Hapa tena wa nyumbani ndio wenye uwezo. Wakishajua mabasi ya watoto wao yanafika siku gani na saa ngapi, wanaweza kukodi gari moja likasubiri watu kumi wa koo mbili tatu, nauli ikagawanywa, badala ya kila mmoja kupanda na bodaboda yake gizani akiwa na mtoto na ndoo. Basi Jumapili hii watu wakitoka ibadani, au Ijumaa wakitoka msikitini, wakubwa wa ukoo wakae dakika 20 chini ya mti na kalenda. Waandike tarehe ya kikao, saa yake, nyumba yake, na jina la dereva atakayekuwa Mwanga. Kisha mjukuu mwenye simu autume ujumbe huo kwenye kundi la ukoo jioni hiyo hiyo, kabla dirisha la tiketi za Desemba halijafunguliwa.